Ireland si viazi vitupu, mradi ule mchana

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika mwezi uliopita kwamba alikaa Ireland siku tisa kwa safari ya mafunzo na hakuona chakula ila viazi na bili. Aliwashauri vijana wetu wanaokuja huku kusoma na kufanya kazi wabebe unga wao, na wakilazimika kula nje basi waingie kwenye yale maduka ya baga yaliyojaa dunia nzima.

Bili sikatai. Viazi pia sikatai. Lakini mwenyewe alieleza kuwa kila siku alikula saa tatu usiku, hatua chache kutoka hoteli aliyolala, katikati ya Dublin. Ni sawa na mgeni aje Mombasa, ale kila usiku kwenye hoteli ya watalii ufuoni, kisha arudi kwao aseme Waswahili hawajui kupika.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Likoni, na nimeishi Cork tangu 2018. Ni Muislamu: sili nguruwe, sinywi pombe. Mshahara wangu nao una watu Likoni wanaousubiri kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nikisema mahali fulani panalika, nimeshapapima kwa ulimi na kwa mkoba.

Jambo la kwanza ambalo bwana yule hakuambiwa ni kwamba huku mtu wa kipato cha kawaida akila nje, hula mchana. Mkahawa unaokutoza yuro 30 usiku, saa saba mchana utakupa bakuli la supu na mkate kwa yuro 7 hadi 9, na ni mpishi yuleyule. Supu yenyewe ni mboga zilizosagwa, nzito, ya kijiko kusimama. Inakuja na vipande viwili vya mkate wa kahawia usiotiwa hamira. Unaumuliwa kwa magadi na maziwa ya mtindi, haukandwi sana, unatoka tanurini na ukoko mgumu na ndani unyevunyevu. Siku ya kwanza nilidhani nimepewa keki iliyolala. Sasa naoka mwenyewe kila Jumamosi, na binti yangu haupokei mkate wa dukani. Ukikosa mchana, wahi jioni: mikahawa mingi ina menyu ya watu wa mapema, sahani mbili au tatu kwa bei moja ya chini, mradi uwe umeketi kabla ya saa kumi na mbili na nusu hivi. Baada ya hapo utalipa kama watu wa harusi.

Na majiko hufungwa mapema, hasa nje ya miji mikubwa. Tuliwahi kufika mji mmoja mdogo wa Kerry saa tatu na dakika kumi usiku, watu sita, njaa inauma. Taa zinawaka, watu wamekaa wanacheka, tukajua tumefika. Mhudumu akatuambia kwa upole kabisa kwamba mpishi ameshavua aproni. Tulikula krispi za kituo cha mafuta ndani ya gari, mvua ikitupigia paa. Kosa lilikuwa letu.

Sasa nizungumzie Cork, mji niujuao. Katikati yake kuna soko la chakula lenye paa, English Market, lililofunguliwa 1788. Ukiingia utakuta samaki wamelazwa juu ya barafu, jibini, zeituni, mikate, wachinjaji wa vizazi. Mwaka 2011 Malkia Elizabeth wa Uingereza alipita hapa, na picha yake akicheka na muuza samaki bado watu wanaizungumza kama ilipigwa juzi. Kwa mtu wa Pwani hili ni soko la Marikiti lililotiwa baridi. Ghorofani, kwenye roshani inayozunguka, kuna Farmgate Café, iliyoanza 1994. Unakula ukiwatazama watu wakinunua chini, na vingi vilivyo kwenye sahani yako vimetoka kwenye meza zilezile unazozitazama. Mimi huagiza samaki wa siku hiyo, na sijui mara ngapi nimejiambia nitajaribu kitu kingine nisijaribu.

Farmgate hupika matumbo. Ndiyo, matumbo! Cork huyapika kwa maziwa na vitunguu, na pembeni huweka drisheen, utumbo uliojazwa damu, ndugu kabisa wa mutura. Mimi hayo si yangu: damu ni haramu na ng'ombe hakuchinjwa kihalali. Lakini nilimpeleka mwenzangu wa kazi, mwanamume wa Murang'a, akatafuna kimya mpaka nikaogopa amekasirika. Akaweka uma chini akasema, "Dada, haya yamepikwa na mtu aliyegombana na pilipili." Kisha akayamaliza. Mwezi uliofuata alirudi peke yake bila kunialika, nikamwona mimi mwenyewe pale juu.

Huyohuyo ndiye aliyenifumbua macho kuhusu viazi. Kuna chakula chao cha viazi vilivyopondwa na majani ya sukuma wiki au kabichi, siagi imezamishwa katikati, kinaitwa colcannon. Alipoletewa alisema, "Hii ni mukimo." Basi bwana aliyekuandikia, ambaye jina lake la ukoo linaonyesha anatoka upande huohuo wa mlima, alikula chakula cha kwao siku tisa asikijue.

Ukivuka mto hapo Cork, kwenye George's Quay, kuna Izz Café, mkahawa mdogo wa Kipalestina. Wenyewe waliingia nchini kama waomba hifadhi, wakaanza kwa kibanda cha soko la wakulima, kisha wakafungua mkahawa. Wanaoka manakish, mkate bapa wenye zaatari (majani makavu na ufuta) au jibini juu, unafika mezani unafuka moshi. Mimi huenda pale nikitoka zamu ya usiku ya Ijumaa, huku miguu imevimba. Ukiwa na shilingi zako chache za kula mahali pamoja tu Cork, nitakutuma Farmgate au hapo, na nikibanwa nichague, nitachagua hapo.

Galway nimekwenda mara nne, kila mara kwa ajili ya samaki. McDonagh's ya Quay Street ipo tangu 1902. Mlango mmoja ni wa kuketi na kuhudumiwa, mwingine ni wa samaki na chipsi, unaagiza dirishani unakaa kwenye benchi na wageni usiowajua. Samaki wao mkubwa huitwa cod, na mimi kwa masikio ya nyumbani nikasikia "kodi", nikamuuliza binti wa kaunta mbona kodi hainitoki hata kwenye chakula. Hakuelewa, akacheka tu. Chipsi ni nene, za kukatwa pale, zenye siki. Pilipili nilitoa kwenye mkoba wangu. Kilomita kadhaa nje ya mji, Kilcolgan, iko Moran's Oyster Cottage, nyumba ya makuti ukingoni mwa maji, nayo sifa yake ni chaza. Galway ina tamasha la chaza kila Septemba tangu 1954. Chaza huliwa mbichi, tena hai, kwa tone la limau. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii vya baharini twala, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nikameza mmoja. Ilikuwa kama kunywa maji ya Kilindini wakati wa maji kujaa. Wanaoyapenda wayapende, mimi nilirudi kwenye kaa na mkate.

Dublin ndiko bwana wetu alikoumia, na kweli ni ghali. Hata hivyo, kuna vitu. Leo Burdock wa Werburgh Street, karibu na kanisa kuu la Christ Church, wanakaanga samaki na chipsi tangu 1913. Asili yake ni dirisha la kuchukua na kwenda, kwa hiyo ukila nje chunga ndege wa baharini, maana mmoja aliniibia kipande mkononi mchana kweupe. Jambo ambalo Wadublin wengi hukusimulia wenyewe ni kwamba biashara ya chipsi huku waliijenga wahamiaji wa Kiitalia, na familia nyingi kati yao zinatoka kijiji kimoja, Casalattico. Mpaka leo ukiomba "one and one" unapewa samaki na chipsi, msemo unaosemekana ulianzia kwenye duka la Giuseppe Cervi miaka ya 1880, mke wake akiwaonyesha wateja kwa kidole: moja ya hii, moja ya ile. Siku hizi zamu ni ya Wachina, waliowapa Wadublin mfuko wa chipsi, vipande vya kuku, hoho na pilipili vilivyotikiswa pamoja. Mtoto wa Mombasa akiuona atasema chipsi masala imepata pasipoti. Kuku ulizia kama ni halali, maana kwingi si halali.

Ukitaka kuketi tu upumzishe miguu, Bewley's ya Grafton Street, iliyofunguliwa 1927, ina madirisha ya vioo vya rangi ya msanii Harry Clarke, na hakuna atakayekufukuza ukikaa na birika moja la chai saa nzima. Au tembea Capel Street, iliyoondolewa magari 2022: ni Wakorea, Waturuki, Wavietnamu, mlango kwa mlango.

Waterford simama asubuhi ule blaa, skonzi nyeupe laini yenye unga juu, ambayo tangu 2013 imelindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya isiokwe kwa jina hilo kwingine. Wenyeji huitia nguruwe; mimi huomba yai. Mji wa Dingle wana mkahawa wa Out of the Blue, wanaopika vya baharini tu, na siku wavuvi wasipoleta kitu hawafungui mlango. Bei yake si ya kila mwezi. Belfast nasikia soko la St George's ni zuri, lakini huko ni Uingereza. Barabarani hakuna kizuizi wala askari, na ndiyo maana wenzetu hunaswa: Mkenya mwenye kibali cha Ireland bado anahitaji viza nyingine. Basi chakula cha Belfast sitakisifu wala kukiponda.

Kwa Waislamu wenzangu neno moja. Sheria inawataka wauza chakula waandike viungo 14 vinavyodhuru watu wenye mzio, ndiyo maana utaona namba ndogondogo kando ya kila sahani. Ngano imo, maziwa yamo, samaki yumo. Nguruwe hayumo. Mvinyo kwenye mchuzi hauna namba yake. Niliwahi kula nusu bakuli la supu ya samaki ya krimu, tamu ajabu, kabla sijaona kipande cha rangi ya waridi ambacho hakikuwa samaki. Tangu hapo nauliza maswali mawili kabla ya kuketi: ndani mna nini kisichoandikwa, na chipsi zinakaangwa kwa mafuta ya nini, maana baadhi hutumia mafuta ya ng'ombe. Hawachukii. Mara nyingi mpishi mwenyewe hutoka jikoni kukujibu.

Na baa, mama yangu asisome hapa. Katika miji midogo baa ndiyo mkahawa. Mchana utawakuta padri, bibi kizee na mtoto wa miaka mitatu wanakula viazi meza moja. Sheria inaruhusu watoto walio chini ya miaka 15 kuwamo pamoja na wazazi mpaka saa tatu usiku, na mpaka saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Mimi huketi mbali na kaunta, naagiza supu na chai, na hakuna aliyewahi kunitazama mara mbili kwa buibui langu.

Mwisho, bwana yule aliandika kwamba chai ya huku ni maji ya kunawia mikono. Hapo, Mhariri, ndipo nilipochukua kalamu. Chai inayonywewa zaidi hapa Cork ni ya Barry's, kampuni ya mji huu tangu 1901, na majani yake huchanganywa kutoka Assam, Rwanda na Kenya. Nilimwambia hivyo mzee mmoja aliyeketi karibu nami pale sokoni, kwamba kikombe chake kimetoka kwetu. Akakiinua, akakitazama, akaniuliza kwa nini basi mimi naye tunakilipia bei moja.

Wako,
Muuguzi wa Likoni,
Cork, Ireland

Nimesahau: msiende English Market siku ya Jumapili. Hufungwa.