Mdogo wangu, kisanduku kifunge na kwenye beseni langu

Mdogo wangu,

Ripoti uliyonitumia nimeisoma yote, hata kurasa za michoro. Zile nukta nyekundu baharini nimezielewa, kila moja ni mahali ngarawa ilipokuwa. Nimemwona baba humo. Anatoka maji yakianza kupwa, anaambaa mwamba, anasimama kwenye malema yake, ile mitego ya kusukwa, anarudi. Nililia, sikufichi. Kile kisanduku cha sola mlichomfungia kilimwandika vizuri kuliko sisi wanawe, na kwa hilo Mungu akulipe.

Ila nukta zako zinakoma ufukweni. Ngarawa ikishavutwa mchangani, ripoti imekwisha. Mimi hapo ndipo siku yangu ilipokuwa inaanza.

Asubuhi ile bandani siwezi kuisahau, na kuisamehe bado. Ulikuja na wageni wako na ubao wa kupimia. Wazee wa BMU, kamati yetu ya ufukwe, wamekaa kwenye magogo, wanatazama. Ukamtoa tasi kwenye lema la baba, ukamlaza ubaoni, ukampima toka mdomo hadi panda ya mkia, ukamwandika. Ukatoa wa pili, wa tatu, kila mmoja ukisema kwa sauti, "Huyu bado mtoto." Kisha ukapitisha vidole pembeni mwa lema, pale mlipoacha upenyo wa samaki wadogo kutokea, ukaikuta kamba. "Nani kaziba hapa?" Ulimuuliza baba mbele za watu kama mtu usiyemjua. Yeye akainama, akawa anabandua magamba kwenye kidole. Hakukujibu, na mpaka tunamzika hakulitaja tena.

Tuliziba mimi na yeye. Nilimshikia taa usiku, akafunga kamba. Na sababu nakwambia leo, maana hukuuliza.

Hoja yako naijua. Najua ule utafiti wa malema ya Kenya uliochapishwa 2013: upenyo unapunguza samaki wasiotakiwa, wanaobaki ni wakubwa, pato linapanda. Naukubali. Na baba hakuwa mharibifu wa bahari, wewe unajua. Juya, ule wavu wa kukokota, lilipopigwa marufuku 2001 alishangilia, kwa sababu lilikuwa likikomba hadi nyasi bahari alizokuwa akitega juu yake. Lakini hiyo bei ya samaki mkubwa ni lazima kwanza afike sokoni hajaharibika. Kwetu barafu hakuna. Tajiri anayetununua samaki ana friza na pikapu, na akijua huna pa kumhifadhi samaki, bei anakupangia yeye. Ukimkatalia, basi ni beseni, gunia lililoloweshwa juu yake, na matatu: Ukunda, Tiwi, Ng'ombeni, Likoni.

Pale kivukoni Likoni, pa kuvukia kwenda mjini Mombasa, hutajwa watu zaidi ya laki tatu kwa siku. Feri moja ikiharibika, umekwisha. Nimesimama kwenye kile kibanda cha kungojea, jua limepanda, maji ya samaki yananitiririka shingoni. Nikimbonyeza changu tumboni, asubuhi alikuwa mgumu, sasa kidole kinaacha shimo. Nikifunua mashavu, wekundu umeshakuwa kahawia. Utaniambia siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kwenye feri. Ipo, na daraja la Mteza ni zuri mno. Linamfaa mwenye pikapu. Mwenye beseni hupanda matatu, na matatu zetu mwisho wake ni Likoni.

Nikifika sokoni Majengo, samaki aliyelegea hauzwi kwa kilo. Anauzwa kwa fungu, na anayemchukua ni mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, anayejua kabisa kuwa siwezi kurudi naye. Mkubwa na mdogo wanalala fungu moja. Kwenye fungu, kinacholipwa ni wingi wa samaki. Sasa niambie wewe uliyesoma: baba angemwachia tasi mdogo aende zake kwa faida gani, ikiwa ukubwa wa mwenzake ulikuwa haulipwi? Tulihesabu. Na karo yako ya mwaka wa mwisho ilitoka kwenye mafungu hayo. Sisemi hivyo ili uturudishie. Nasema kwa sababu ulisimama pale na ubao wako ukatuona watu wasiojua kesho.

Pesa ya dawa ya mama imefika, asante. Anasema kwenye picha umekonda, uache kula mikate ya dukani.

Ushauri wangu ni huu, na mimi ni dada yako, una haki ya kukasirika lakini usikilize. Chukua kisanduku kimoja, ukifunge kwenye beseni langu. Weka na kipimajoto katikati ya samaki. Kiandike nilivyokwama nyuma ya malori, nilivyongoja feri, na joto lilivyopanda. Chora nukta hadi Majengo, kisha uwawekee mbele wageni wako. Waambie fedha iliyonunua visanduku itafute na mashine ya barafu kwa banda letu, maana bila hiyo wavuvi wataendelea kuziba, na mimi nitaendelea kuwashikia taa.

Malema ya baba yapo darini. Binamu yako anataka kuyatega kaskazi ikianza, na ameniuliza afanyeje na zile kamba. Nimemwambia asubiri uje.

Ukija fikia kwa mama. Umwombe radhi, kwa sababu siku ile alikuwa nyuma ya banda, anaparua samaki, na kila neno alilisikia.