Vijana waonyeshwe mwisho wa uanagenzi wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu vijana na kazi, ambao siku hizi hauishi katika vikao vya LC1 (baraza la kijiji), misibani, na katika kurasa hizi za barua za wasomaji. Wazee wenzangu wengi wanasema kwamba vijana wa leo hawana uvumilivu, kwamba wanadai mshahara mnono kabla hawajaijua kazi, na kwamba sisi tuliteseka miaka mingi bila kulalamika mpaka tukawa watu. Mimi ni fundi mitambo mstaafu, niliyeanza kazi hapa Jinja, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ninaona kwamba maneno hayo, hata yakisemwa kwa nia njema, yanasahau nusu ya historia yetu wenyewe.

Ni kweli tuliteseka. Nilipoingia kiwanda cha nguo sikukabidhiwa mashine yoyote. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia vumbi la pamba chini ya mitambo ya kufumia, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na kumfuata fundi wangu nikiwa nimembebea sanduku lake la spana. Kelele za mitambo zilikuwa kubwa hata tukawa tunazungumza kwa ishara za mikono, na vumbi lile lilituingia vifuani. Wapo wenzangu ambao kikohozi cha miaka hiyo hakikuwatoka mpaka walipofariki. Fundi wangu, mzee mmoja aliyetoka upande wa Tororo, hakuwa na desturi ya kueleza jambo mara mbili. Akikuta nimefunga nati vibaya aliifungua yeye mwenyewe, akaniamuru nianze upya, hata kama muda wa kutoka ulikuwa umekwisha kupita. Katika karakana ile tulikuwa Wasoga, Waganda, Wateso, Wapadhola na Walugbara, na wote tulifundishwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha iliyotuunganisha.

Lakini ugumu ule ulikuwa na mwisho uliojulikana. Tangu mwezi wa kwanza nilijua kwamba baada ya muda wa uanagenzi ningefanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, kisha la pili, na hatimaye la kwanza, na kila daraja lilikuwa na mshahara wake ambao hata wake zetu waliujua. Mji wenyewe ulikuwa unahitaji mikono. Bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954, umeme ukavuta viwanda, na shaba ya Kilembe ikawa inaletwa kwa reli kutoka Kasese ili iyeyushwe hapa. Nyumba za mtaa wa Walukuba zilikuwa zimejengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, kwa hiyo kijana mwenye kazi alipata chumba cha kodi nafuu bila kumtegemea mjomba wake. Waliosoma walikuwa wachache. Nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, Makerere, mpaka mwaka 1988 kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale. Kijana aliyemaliza miaka minne ya sekondari alikuwa mtu wa kutafutwa na waajiri. Tulivumilia, naam, lakini tulivumilia tukiwa tumeshika ahadi mkononi, na ahadi hiyo kwa miaka kadhaa ilitimizwa.

Sasa niseme jambo ambalo wazee hatupendi kulisema mbele ya wajukuu. Ahadi ile ilipovunjika, hata sisi hatukukaa. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 vipuri vilianza kukosekana, mitambo ikawa inasimama mmoja baada ya mwingine, na bei za vitu zikapanda mpaka mshahara wa mwezi mzima ukawa haumalizi wiki. Sukari, chumvi na sabuni zikawa za kutafutwa kwa kujuana. Ndipo tulipoingia magendo. Watu wenye vyeti vya daraja la kwanza waliweka sahihi ya kuingia kazini asubuhi, wakatoka mlango wa nyuma kwenda kuuza vipande vya kitambaa vya mgao wao; wengine waliacha kabisa wakahamia Busia na Malaba, ambako bidhaa zilivushwa usiku na kahawa yetu ikaishia Kenya. Hawa hawakuwa wavivu. Baadhi yao ndio mafundi hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Walikuwa na watoto wa kulisha, na walipopima waliona kwamba kukaa kazini hakuwaletei chochote. Anayewalaumu vijana kwa kuacha kazi isiyowalisha amkumbuke baba yake au kaka yake wa mwaka 1978, kisha aseme kama naye alikosa uvumilivu.

Tazama basi ugumu anaoukuta kijana wa leo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana stashahada ya umeme. Alipokelewa na kampuni moja ambayo sitaitaja jina, akaambiwa kwamba miezi ya kwanza ni ya mafunzo, kwa hiyo hakuna mshahara. Alipanda nguzo, alichimba mashimo, alifunga mita, kazi ileile iliyofanywa na walioajiriwa, na nauli ilitoka kwa mama yake anayeuza samaki. Miezi hiyo ilipokwisha aliambiwa avumilie mingine, na alipouliza ni lini angepewa barua ya ajira, alijibiwa kwamba nje ya geti wako wengi wanaotaka nafasi yake. Leo anaendesha boda boda. Jirani mmoja alimwambia mbele yangu kwamba vijana hawapendi kuanzia chini, nami niliumia, kwa sababu kijana huyu alikuwa ameanzia chini kabisa, na hakuonyeshwa hatua ya pili iko wapi.

Jibu la kwamba wako wengi nje ya geti ni la kweli, na hapo ndipo tofauti kubwa ya vizazi ilipo. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, idadi ya watoto shuleni iliruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano kwa mwaka mmoja, na mwaka 2007 sekondari nayo ikafuata. Ni jambo jema ambalo wazazi wetu wasingeweza kuliota. Vyuo vikuu vimepita 40. Lakini watoto hao walipokuwa wanapanda madarasa, viwanda vya zamani vilikuwa vimefungwa au vimeuzwa, na utumishi wa umma ulikuwa umeshapunguza watu wengi sana katika miaka ya 1990. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, wengi wao wakiwa hawajafika umri wa miaka 30. Mwajiri anayejua hayo hana sababu ya kumlea mwanagenzi kama nilivyolelewa mimi. Anaweza kumtumia, akamwachia, akamchukua mwingine.

Kwa wale wanaoendelea kuamini kwamba vijana wetu wanaogopa shida, nawaomba waende uwanja wa ndege wa Entebbe, wawatazame wasichana na wavulana wanaosafirishwa na mawakala kwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani na za ulinzi. Habari za wanaodhulumiwa huko zinajulikana katika kila mtaa; wapo waliorudi wakiwa wagonjwa, na wapo waliorudi maiti. Hata hivyo foleni haipungui. Mtu anayekubali kwenda kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, akiwa anayajua hayo yote hawezi kuitwa mwoga wa kazi ngumu. Anakwenda kwa sababu ameambiwa mshahara ni kiasi gani na mkataba ni wa miaka miwili, na mambo hayo mawili, kiasi na muda, ndiyo aliyoyakosa nyumbani. Hata madaktari wanaofanya mwaka wao wa mafunzo hospitalini, watu waliosoma kuliko sisi wote, wamelazimika kugoma mara kadhaa kwa sababu ya posho, na wengine wamekaa nyumbani miezi wakingoja kupangiwa kituo. Ikiwa daktari anafanyiwa hivyo, fundi bomba atafanyiwaje?

Sitaki vijana wanaosoma barua hii wafikiri kwamba ninawapamba. Lipo jambo ambalo wengi wao wanalikosea, na linanisikitisha. Ufundi hauingii mkononi kwa miezi mitatu. Unaweza kutazama kwenye simu jinsi mota inavyosukwa upya, ukaelewa kila hatua, na bado ukaiunguza siku ya kwanza kwa sababu hujawahi kuhisi kwa vidole waya uliokazwa kupita kiasi. Sikio la kusikia beringi inayoanza kufa kabla haijafa hulipati mpaka umesimama karibu na mashine hizo miaka, ukiwa na mtu wa kukwambia ulichokisikia ni nini. Vijana wengine wanaondoka kwa fundi mzuri, anayewalipa anachoweza na kuwafundisha kwa moyo, kwa sababu tu rafiki yao amepata kitu haraka zaidi Kampala. Hao wanajinyima urithi ambao hautanunulika baadaye, kwani mafundi wa rika langu wanazikwa kila mwezi pamoja na wanayoyajua. Kijana aliyempata mwalimu wa namna hiyo akae. Akemewe, afagie, afungue nati na kuifunga tena. Ninachokataa ni kumtaka akae vivyo hivyo mahali ambapo hakuna anayemfundisha wala kumlipa, tukiita mambo hayo mawili kwa jina moja la uvumilivu.

Na sheria ipo, ingawa wachache wanaifahamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema muda wa majaribio usizidi miezi sita, na ukiongezwa uongezwe kwa ridhaa ya mfanyakazi, wala nyongeza hiyo isizidi miezi sita mingine. Kanuni zake za mwaka 2011 zinakataza mtu kufanywa kibarua zaidi ya miezi minne mfululizo bila kupewa mkataba wa maandishi. Marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria nyingine, ile ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yamewataka waajiri wote, hata wenye mfanyakazi mmoja, kuchangia akiba ya wafanyakazi wao NSSF, asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi. Lakini kuhusu kima cha chini cha mshahara bado tuko mahali pa kusikitisha: kiwango kilichopo ni kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984, ambacho leo hakinunui kilo mbili za sukari. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi, na tangu hapo kijana anayejadiliana na mwajiri hana chini pa kusimamia.

Najua hoja ya waajiri wadogo, maana mimi pia niliwahi kuwa na karakana baada ya kutoka kiwandani. Mwanagenzi anaharibu vifaa, anakula muda wa fundi, na mwezi wa kwanza huleta hasara kuliko faida. Ni kweli, na ndiyo maana sidai alipwe kama fundi kamili. Alipwe nauli na chakula tangu siku ya kwanza, kisha kiasi kinachopanda kadiri mkono wake unavyopata ustadi. Aandikiwe karatasi moja inayosema atafundishwa nini, kwa muda gani, na atafanyiwa mtihani wa ufundi lini, na karatasi hiyo ishuhudiwe na mwenyekiti wa LC1 kama tunavyofanya tunapouziana kiwanja. Fundi aliyepata cheti chake akaondoka hajamwibia mwalimu wake, kwa kuwa amemlipa kwa miezi ya kazi. Na asipoandikiwa chochote ataondoka mapema zaidi, bila cheti, akiwa na uchungu.

Ofisa wa kazi wa wilaya ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua. Namwomba wa kwetu Jinja aanze na kampuni kubwa zinazochukua vijana wa mafunzo kila mwaka, awaulize vijana hao, si mameneja, wamekaa hapo miezi mingapi na wanalipwa nini. Na kwa kuwa tunaambiwa kila mara kwamba hakuna watu wa kusimamia mitihani ya ufundi katika karakana za mitaani, niseme kwamba wako mafundi wastaafu Walukuba, Mpumudde na Bugembe ambao bado wana macho na akili timamu. Nimezungumza na kadhaa wao. Ofisi ya wilaya ikituita tutakuja, na hatutadai zaidi ya nauli.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mitambo mstaafu,
Walukuba, Jinja.