Kutafuta makala za afya nje ya Google
Ndugu wanakikundi, salaam. Kwa kuwa wengi mnalalamika kwamba Google inawaletea matangazo ya dawa kabla ya utafiti wenyewe, nawaomba sana tuanzie PubMed, tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa tiba, ambayo huendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na haidai malipo. Andikeni kwa Kiingereza, mkifunga maneno yanayoandamana kwa alama za kunukuu, mfano "severe malaria", kisha ongezeni Tanzania na kuchagua kichujio cha makala zinazosomeka bure, maana nyingine huishia kwenye muhtasari tu. Tasnifu tafuteni katika BASE, mtambo wa kutafutia wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, unaokusanya hazina za machapisho za vyuo vingi. Atakayekwama aniandikie hapa hapa, akitaja maneno aliyotumia.