Utafiti wa gemu usiishie kwenye kuhesabu sura

Mhariri,

Anayetaka kujua nani kajumuishwa na nani katengwa katika michezo ya video kwa kawaida huanza na wahusika. Mwaka 2009 mtafiti Dmitri Williams na wenzake walitoa sensa ya wahusika wa gemu 150 za soko la Marekani, kila gemu ikipewa uzito kulingana na mauzo yake. Wakakuta wanaume, Wazungu na watu wazima wamejaa kupita uwiano wao katika jamii, huku wanawake, watoto na wazee wakiwa haba. Ni kazi nzuri, ila wanafunzi wa vyuo vyetu wanaotaka kuiga njia hiyo wajue inapopwaya.

Chukua Resident Evil 5, ya mwaka huohuo. Maadui wake wanaitwa Majini, na wanamvamia mchezaji huku wakipiga kelele kwa Kiswahili. Eneo lenyewe, Kijuju, limewekwa Afrika Magharibi! Mhesabuji asiyejua lugha ataandika "Waafrika wapo" na kuendelea. Civilization IV ya 2005, inayofunguliwa na Sala ya Bwana ikiimbwa kwa Kiswahili, nayo itapata alama ileile moja. Kwa hiyo fomu ya kuhesabia iongezwe safu: anayesema lugha hii ni nani, ana jina, na je, mchezaji anaweza kumwongoza au kazi yake ni kumuua tu? Wahesabuji wawe wawili, mmoja wao Mswahili, kila mtu na fomu yake. Walau sehemu ya kumi ya gemu waihesabu wote wawili, kisha majibu yapimwe kwa kappa ya Cohen, kipimo cha jinsi wahesabuji wawili wanavyokubaliana kupita bahati tu (1 ni kukubaliana kabisa). Ikishuka chini ya 0.7, kagua fomu kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Safu kama "anaheshimiwa" kila mmoja ataijaza kwa hisia zake.

Tena, wahusika ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni wachezaji wenyewe. Watafiti James Kuznekoff na Lindsey Rose waliingia Halo 3, gemu ya kupigana risasi ambapo wachezaji husemezana mtandaoni, kwa akaunti tatu: moja yenye sauti ya kike, moja ya kiume, moja kimya. Sauti zilikuwa zimerekodiwa mapema, maneno yaleyale ya salamu na pongezi. Sauti ya kike ilijibiwa vibaya takribani mara tatu ya ile ya kiume au ya akaunti iliyokaa kimya. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba kilichobadilika ni sauti peke yake.

Huku kwetu jaribio hilo halihamishiki lilivyo. Katika kibanda cha PlayStation vijana kumi wanaweza kutumia akaunti moja, na matusi hutolewa ana kwa ana, hayapiti kwenye maikrofoni. Dodoso la mtandaoni halitawafikia, wala halitamfikia msichana aliyeishia mlangoni. Afadhali mtafiti akae pembeni na karatasi, kila baada ya dakika 10 aandike nani kashika padi, nani anasubiri zamu, nani anatazama tu. Aende asubuhi, jioni na wikiendi, maana akienda jioni tu ataandika wavulana watupu na kudhani wasichana hawapendi gemu. Aombe ruhusa ya mwenye kibanda, na asirekodi sauti: wengi pale ni watoto, na wazazi wao hawapo kutoa idhini.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam