Korongoni tusiingie bila mwongozaji

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wasomaji wanaopanga matembezi ya siku moja katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha. Uwandani, wanakokula nyasi pundamilia na swala, mgeni anaruhusiwa kutembea mwenyewe kwa miguu au kwa baiskeli, nami napenda sana uhuru huo, mradi nyati waepukwe kwa mbali.

Korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya mbuga hiyo, ni jambo jingine kabisa. Njia yake ni nyembamba, mahali pa kupanda na kutoka nje ni pachache, na mvua inayonyesha kwenye miinuko ya mbali, ambayo mtembeaji haioni, huweza kuleta mafuriko ya ghafla hata pale juu yake pakiwa pakavu. Septemba 2019 watu 7 walifariki humo, akiwemo mwongoza watalii. Kwa hiyo mwongozaji mwenyeji ni wa lazima, lakini hatoshi: akisema turudi, turudi mara moja bila kudai fedha tulizolipa, na mawingu yakitanda, nawasihi wasimamizi walifunge korongo kabla yeyote hajashuka.

Msomaji wako,
Nakuru