Mbona mshono wa vinundu wa kroshia tunaufundisha siku tatu?

Haipiti wiki bila swali hili, na anayeuliza huwa ameshaamua kwamba anaibiwa: "Fundi, mshono huu nimeuona kwenye video ya dakika tano. Nyie mnatuweka siku tatu mpate kututoza." Mteja mmoja hakuishia kulalamika. Alimaliza siku ya kwanza, akadai hela ya siku mbili zilizobaki, tukamrudishia. Baada ya wiki kadhaa alirudi na mfuko.

Mfukoni mlikuwa na blanketi la mtoto, chini limebana, juu limetanuka kama sketi. Nikalitandaza mezani nikatafuta kosa kwenye vinundu vyenyewe, sikuliona. Vimejaa, vimesimama, vyote vinalingana. Dada wa watu ana mkono mzuri kweli. Kilichomponza ni mstari unaofuata, ambao video yake haikuuonyesha.

Kinundu, kwa ambaye bado hajakifuma, ni mishono mirefu mitano iliyoingia tundu moja na kufungwa pamoja. Unazungusha uzi kwenye kroshia, yaani ile sindano yenye ndoano, unaingia tunduni, unavuta kitanzi, unazungusha tena na kupita vitanzi viwili tu. Mguu mmoja huo, na kitanzi chake kimoja unakiacha kwenye kroshia kinasubiri. Ukitimiza miguu mitano unakuwa na vitanzi sita. Unazungusha uzi, unapita vyote sita kwa mpigo mmoja. Wengi huongeza hapo cheni moja ya kukaza kichwa kisifunguke, na sisi tunafundisha hivyo hivyo. Lakini cheni hiyo ni kufuli, haiingii kwenye hesabu. Yule mteja, kila akifuma mstari wa kurudi, alikuwa anaweka mshono juu ya kinundu na mwingine juu ya kufuli. Mstari wenye vinundu 12 unamwongezea mishono 12. Ukifika mstari wa nne wa vinundu umebeba mishono 48 usiyoiomba, na blanketi halina pa kuipeleka ila pembeni.

Ndiyo maana siku ya pili yote tunahesabu. Wanafunzi hununa, wanasema wamekuja kufuma, hawakuja darasa la hesabu. Sawa. Tunahesabu.

Kuna jambo jingine linalowatatiza hata waliokwisha kufuma mavazi mazima: kinundu hufumwa upande wa nyuma. Mshono mrefu uliobanwa katikati ya mishono mifupi hauna nafasi ya kusimama, kwa hiyo hujikunja, na hujikunja kwenda upande usioutazama wewe. Ukitaka vinundu vitokeze mbele, vifume ukiwa umeangalia mgongo wa kazi, kisha mstari wa kurudi uwe wa mishono mifupi mitupu. Ukiviweka kila mstari, nusu yake vitachomoza mbele na nusu nyuma. Tuliwahi kuletewa foronya ya namna hiyo, mwenyewe akidhani uzi ndio mbovu.

Sasa njia ya mkato ambayo kila mtu huigundua peke yake: kupunguza miguu. Mitano inakula uzi na muda, basi tufume mitatu. Siku ya kwanza huoni tofauti kubwa. Ukifua mara mbili vinalala, na unabaki na kitambaa chenye vipele. Mama mmoja aliyetuagiza blanketi alitusihi tumpunguzie bei kwa njia hiyo hiyo, tukakataa, akaenda kwa mwingine. Simlaumu. Lakini mtu anayeuliza kwa nini blanketi la vinundu lina bei kuliko la mishono mifupi ya ukubwa uleule, ahesabu miguu: pale penye mguu mmoja sisi tumeweka mitano, na kazi ya kroshia haina mashine ya kuturahisishia. Kinachoitwa kroshia ya kiwandani kwa kawaida ni kitambaa kilichofumwa kwa mashine za aina nyingine kikafanana nayo.

Mkato wa pili ni kununua uzi kidogo kidogo. Mtu anakadiria kwa blanketi la kawaida alilowahi kufuma, uzi unamwishia robo tatu ya kazi, anarudi dukani kuchukua donge la "rangi ileile". Kwenye lebo ya donge kuna namba ya kundi la rangi, yaani madonge yaliyotiwa rangi pamoja katika pipa moja. Namba ikitofautiana, mstari utaonekana, wala haufichiki. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10 chenye vinundu vyake, kipime uzito, ndipo ukadirie blanketi zima. Kazi ya jioni moja.

Na wanaosoma maelekezo ya Kiingereza, angalieni yametoka wapi. Majina ya mishono yanapishana: dabo (double) ya Marekani, ambayo ndiyo mshono wetu mrefu, ni tribo (treble) ya Uingereza, na dabo ya Uingereza ni singo (single) ya Marekani, yaani mfupi. Ukisoma dabo ya Marekani kama ya Uingereza, miguu ya kinundu inakuwa mifupi na hakuna kitakachojikunja. Hapa darasani tunasema mfupi na mrefu, mambo yanaisha.

Pasi sitaisemea sana. Akriliki ikipigwa pasi ya moto inalegea na kulala moja kwa moja, hairudi. Kazi yenye vinundu inaloweshwa, inakamuliwa ndani ya taulo, inatandazwa vinundu vikiangalia juu mpaka ikauke.

Turudi kwenye mfuko. Tulilifumua lile blanketi, na kufumua tunatoza kwa saa. Mshono mfupi unafumuka kwa kuvuta tu. Kinundu kinagoma, maana miguu mitano imeshikana na kufuli limekaza juu yake, na ukivuta kwa hasira uzi unachanika nyuzinyuzi. Bili ilizidi ile hela ya siku mbili tuliyomrudishia. Alilipa bila neno, akakaa kwenye kiti chake cha mwanzo, akamalizia siku zake.

Darasa lijalo likifunguliwa, njoo na kroshia ya milimita 5, pini kadhaa za kuwekea alama, na uzi wa unene wa kati, laini, usio na manyoya, wa rangi ya kung'aa. Mweusi uache nyumbani. Vitanzi sita vyeusi kwenye kroshia hata mimi sivioni.