Mtungi wa upepo si betri

Mhariri,

Wapo wanaowashawishi wenye sola majumbani waachane na betri, wanunue kompresa: mchana jua lishindilie upepo kwenye mtungi, usiku upepo huo uzungushe jenereta ndogo. Kabla mtu wa Mbagala au Goba hajatoa fedha yake, tupige hesabu.

Mtungi wa lita 100 ukijazwa hadi baa 8 (kipimo cha presha kwenye geji, si baa ya vinywaji), yaani PSI 116, unabeba wati-saa 33 tu, na hapo tumejifanya hakuna kinachopotea hata chembe. Upepo ukishapita kwenye mota ya upepo na jenereta za kawaida, unabaki na kama wati-saa 10. Hiyo ni taa ya wati 9 kwa saa moja na dakika chache. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, inabeba zaidi ya wati-saa 1,200. Ukitaka uniti moja ya LUKU, yaani wati-saa 1,000, tafuta kiwanja cha kuweka mitungi 100.

Kwenye kujaza ndiko kubaya zaidi. Kompresa ya HP 2 inakula karibu wati 1,500, na mtungi huo huujaza kwa dakika kama saba: wati-saa 175 zimeingia ili zitoke 10. Nyingine zimekwenda kwenye joto. Upepo ukibanwa hupata moto, ndiyo maana bomba linalotoka kwenye kichwa cha kompresa huunguza mkono; joto hilo hupotelea kwenye kuta za mtungi. Ukifunguliwa tena hupoa sana, na unyevu wake waweza kuganda ndani ya mota. Hata mtambo wa Huntorf kule Ujerumani, unaofanya kazi tangu 1978 na kuhifadhi upepo kwenye mapango ya chumvi, huchoma gesi ili kuupasha upepo huo kabla haujafika kwenye tabo (turbini).

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa matumizi ya nyumbani, nayo ina lake. Mota ya kompresa ikiwaka huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida, hivyo inveta ya wati 1,500 itajizima. Sikiliza pia ile "pssss" kompresa inapokata: usipoisikia, valvu ya kupumulia, inayotoa upepo uliobaki kichwani mwa kompresa, imeziba, na mota itaanza safari nyingine ikiwa na mzigo kichwani. Itanguruma bila kuzunguka, mwisho iungue.

Kwa hewa ya Dar es Salaam, kila ukijaza mtungi huo unaacha ndani kijiko kikubwa cha maji. Fungua koki ya chini kila jioni, la sivyo kutu italila bati kwa ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Mtungi wa mtumba wa baa 8 upimwe kwa maji, kamwe si kwa upepo: ujaze maji pomoni, usukume kwa pampu ya mkono hadi baa 12, uache nusu saa. Geji ikishuka au bati likivimba, peleka chuma chakavu. Valvu ya usalama isipangwe kufunguka juu ya kiwango cha presha kilichoandikwa kwenye kibati cha mtungi. Mabomba ya PVC yasitumike kabisa. Yakipasuka hurusha vipande kama visu. Mitungi ya gesi ya kupikia usiigeuze kuwa ya upepo: mabaki ya gesi yakichanganyika na upepo uliobanwa, cheche moja inatosha.

Upepo una faida pale unapotumika kama upepo. Gereji ya Gerezani inayojaza matairi na kupiga rangi ya spirei haina haja ya kuurudisha kuwa umeme, kwa hiyo hasara ya mota ya upepo na jenereta haiigusi. Hapo weka paneli za kutosha, swichi ya presha ikate baa 8 na kuwasha baa 6, mitungi miwili ijazwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Taa za usiku ziachiwe betri.

Fundi wa sola,
Tabata, Dar es Salaam